Starta ya Mzee Njuki

Watu wa Siakago wanaomjua Kivuti watakuambia hakuwa mtu wa kutishwa na hadithi. Alikuwa fundi. Kwake kila kitu kilichokataa kufanya kazi kilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na spana yake. Karakana yake ilipakana na duka letu, na kwa miaka mingi nilimsikia akiwacheka watu waliomletea mashine ya kusaga wakidai imerogwa. "Imerogwa na uchafu," angesema, kisha angefungua kifuniko na kuwaonyesha matope. Ndiyo sababu jambo lililompata mwaka wa 1997, mwaka wa mvua za El Nino, alilisimulia mara moja tu, akiwa amekaa kwenye kreti la soda nyuma ya duka letu, na hakulirudia tena.

Ijumaa moja ya Novemba alifunga karakana mapema, akamchukua binti yake Igoki, mtoto wa miaka mitano, wakateremka hadi shambani kwa mama yake, kule chini karibu na bwawa. Mkewe Marigu alibaki Siakago; alikuwa akiuza nguo sokoni na Jumamosi hangeweza kuondoka. Mpango ulikuwa rahisi. Kivuti amsaidie mama yake palizi ya ndengu kwa siku mbili, mtoto acheze na mbuzi, Jumapili jioni warudi nyumbani. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka kidogo, la kwanza baada ya juma zima. Igoki alikula viazi vitamu akamaliza, akaomba vingine. Alisinzia karibu na moto akiwa ameshika sikio la mwanambuzi, na cucu, yaani nyanya yake, akacheka hadi akatokwa machozi.

Mvua ilirudi kabla ya alfajiri. Jumamosi walipata habari kwamba mto unaokatiza barabara ya Siakago ulikuwa umebeba daraja. Kivuti hakujali sana. Maji hupanda, maji hushuka. Jumapili mtoto akakataa uji. Jioni mwili wake ulikuwa moto kama sufuria. Cucu akamchemshia mwarobaini, akamkanda kwa kitambaa kibichi, akaomba kwa sauti ya chini akizunguka chumba. Jumatatu kabla ya kucha, Igoki akageuza macho juu, meno yakagongana, mikono ikajikunja. Alitetemeka kwa muda ambao Kivuti hakuweza kuupima. Ilipopita, mtoto hakulia. Alitazama dari tu, kana kwamba kulikuwa na mtu pale aliyekuwa akimweleza jambo.

"Mpeleke ng'ambo," mama yake akasema. "Usingoje mto. Mto huu hautashuka leo."

Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa bwawa. Huko, juu ya kilima, kulikuwa na hospitali ndogo ya misheni. Ukisimama gatini, mahali boti zinapofungwa, ungeona bati lake likimetameta. Nusu saa kwa boti, na nusu saa nyingine ya kupanda kilima. Kivuti alimfunga mtoto mgongoni kwa blanketi, akatembea kwenye matope yaliyomfika magotini, na saa moja asubuhi akafika gatini.

Naftaly, dereva wa boti ya wavuvi, alikuwa ameketi chini ya turubai akitafuna majani ya muguka. Alipomwona Kivuti alisimama haraka, halafu alipoona mgongoni mwake akaketi tena polepole.

"Fundi," alisema, "starta imekufa tangu juzi."

Kivuti alitazama maji. Hakuwahi kuyaona hivyo. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamejaa magogo na mizizi, na mzoga wa mbuzi ulipita ukiwa umevimba. Kwa mbali upande wa kulia ulisikika mngurumo usiokoma. Bwawa lilikuwa limejaa hadi pomoni na maji ya ziada yalikuwa yakimwagika juu ya ukuta. Chochote kisicho na injini, Naftaly alimweleza, maji yalikivuta hadi kule. Mitumbwi miwili ya makasia ilikuwa imekwenda hivyo Ijumaa. Hakuna aliyeiona tena.

Basi akamlaza Igoki chini ya turubai, akafungua mfuko wake wa vyombo. Mikono ilipogusa chuma, moyo ukatulia kidogo. Hapa alikuwa kwake.

Alianza na betri. Aliunga waya mbili kwenye balbu ndogo, balbu ikawaka nyeupe, haikufifia. Betri nzima. Akakwangua kutu kwenye vichwa vya betri, akakaza nyaya, akahakikisha gia iko huru. Naftaly akazungusha ufunguo. *Tak.* Sauti moja kavu, basi. Hiyo ilimwambia umeme unafika hadi kwenye swichi ya starta, lakini starta yenyewe, ile mota ndogo inayoamsha injini, haigeuki. Akachukua bisibisi kubwa, akaunganisha misumari miwili ya swichi ili umeme uingie moja kwa moja. Cheche zikaruka. Starta ikaguna, moshi mwembamba ukatoka, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa pua. Hakuhitaji kuifungua. Nyaya za ndani zilikuwa zimeungua.

"Tutaivuta kwa kamba," akasema.

Walitoa kifuniko cha juu, wakazungushia kamba kwenye gurudumu la injini kama vile mtu anavyoizungushia uzi pia ya kuchezea. Naftaly akavuta. Injini ikapiga teke kurudi nyuma, kamba ikamzonga mkono, na Kivuti akasikia mfupa ukivunjika. Naftaly hakupiga kelele. Aliketi tu, akautazama mkono wake uliopinda mahali pasipo na kiungo. Kivuti akavuta mwenyewe. Mara kumi. Mara ishirini. Kwenye ishirini na kitu, kile kipande cha chuma kinachoshika fundo la kamba kikavunjika, kikaanguka majini.

Nyuma yake, chini ya turubai, Igoki alianza kutetemeka tena.

"Nani mwingine ana injini kama hii?" Kivuti akauliza. "Naftaly. Nisikilize. Nani mwingine?"

Naftaly alikuwa akifunga mkono wake kwa kipande cha wavu. Alikaza fundo kwa meno kwanza.

"Mzee Njuki. Lakini hiyo haiguswi."

Nyumba ya mzee Njuki ilikuwa hatua mia mbili kutoka gatini, nyuma ya migunga. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda, juu ya magogo mawili, ilining'inia injini iliyofunikwa magunia. Ilikuwa ya aina ileile. Kivuti alijua hata kabla ya kuondoa gunia, kwa umbo la kichwa chake. Mzee alitoka akijikongoja, akasimama mlangoni mwa kibanda akiziba mwanga.

"Mzee, naomba starta tu," Kivuti akasema. "Nitairudisha. Mtoto wangu anakufa."

"Mtoto," mzee akarudia.

"Ana miaka mitano."

Mzee Njuki alikuwa mtu mrefu aliyekauka, na alipozungumza sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. Hakumtazama Kivuti. Aliitazama injini.

"Miaka sita iliyopita niliendesha hii," alisema. "Watu saba. Mmoja alikuwa mama Mkamba, ana mtoto mgonjwa mgongoni. Anakwenda pale pale unapokwenda. Injini ikazimika katikati. Nikapiga starta, nikapiga, nikapiga. Gogo likatugonga, boti ikapinduka. Yule mama akashika injini hapa." Akagusa ubavu wa injini, palepale starta ilipofungwa. "Mimi pia nilikuwa nimeishika. Nikaona tutazama sote. Nikamwambia aachilie. Hakuachilia."

Mvua ilikuwa ikipiga bati.

"Nilimbandua vidole," mzee akanong'ona. "Kimoja kimoja."

Wengine waliokolewa. Yule mama na mtoto wake hawakupatikana. Boti ilionekana siku ya tatu karibu na ukuta, injini ikiwa bado imefungwa, na mzee akaivuta hadi nyumbani. Hakuiuza. Hakuitupa. Tangu siku hiyo hajaingia majini hata kuoga.

"Na sasa unataka kuirudisha majini," akasema, "na mtoto mgonjwa."

Kivuti alisikia kila neno. Lakini alikuwa tayari ameshika spana namba kumi na tatu. Mtu akiwa na mtoto anayekufa hana masikio, ana mikono tu. Alifungua boliti mbili, zikatoka kwa urahisi, kama zilizokazwa jana. Mzee hakumzuia. Alisogea tu kando ampishe, na Kivuti alipopita alimwona akificha mikono yake yote miwili ndani ya makwapa.

Gatini aliiweka starta juu ya ubao wa boti, akafungua misumari mirefu inayoshikilia kifuniko. Rangi ya kiwandani ilikuwa haijapasuka popote. Starta ile haikuwahi kufunguliwa tangu itengenezwe. Ilikuwa imekaa miaka sita chini ya magunia, kwenye kibanda kikavu.

Alipoinua kifuniko, maji yakamwagika.

Hayakuwa ya kahawia. Yalikuwa safi, baridi kama ya kisimani. Yalitoka mengi kuliko yale ambayo chombo chenye ukubwa wa mkebe wa maziwa kinaweza kubeba. Yakalowesha magoti yake, yakatiririka kwenye sakafu ya boti, yakaendelea kutoka. Halafu yakakoma.

Ndani, kwenye mhimili unaozunguka, kulikuwa na kitu cheusi kilichosukwa. Alidhani ni uzi wa kuvulia. Akauvuta kwa koleo. Ukaja, ukaja, laini, mrefu, wenye mafundo madogo yaliyopangana. Ulikuwa msuko wa nywele.

Naftaly aligeuka akatapika muguka wote.

Kivuti aliutupa majini. Aliniambia hivi: alikuwa na akili mbili wakati ule. Moja ilikuwa ikipiga mayowe. Nyingine ilisema, kagua brashi. Akasikiliza ile ya pili. Brashi ni vile vipande vidogo vya kaboni vinavyopitisha umeme hadi kwenye sehemu inayozunguka. Zilikuwa na urefu mzuri bado. Akazisugua kwa msasa. Akafuta shaba hadi ikang'aa. Akafunga kifuniko, akaing'oa ile starta iliyoungua, akaifunga hii kwenye injini ya Naftaly, akaunga waya mnene.

"Washa."

*Tak.*

"Tena."

*Tak.*

Akaangalia upya. Waya wa betri sawa. Swichi sawa. Akafikiri juu ya umeme unavyorudi: hutoka betri, huingia starta, kisha lazima urudi kupitia mwili wa injini. Akafungua tena, akaona kutu na rangi kuukuu pale starta inapokalia. Chuma hakikugusa chuma. Akakwangua kwa kisu. Akakwangua hadi kidole kikachanika na damu ikaingia kwenye matundu ya boliti. Mvua ikaisafisha. Akafunga.

"Washa."

Kimya. Hata ile *tak* haikusikika.

Alikaa chini kwenye maji ya boti. Kule chini ya turubai mtoto alikuwa ametulia, na utulivu ule ulikuwa mbaya kuliko kutetemeka. Kivuti aliweka kiganja juu ya starta, akainamisha kichwa. Hakuomba. Alisema tu, kwa sauti ambayo Naftaly hakuisikia vizuri, "Tafadhali. Mtoto ni mgonjwa."

Chini ya kiganja chake, starta ikageuka.

Iligeuka polepole, nusu mzunguko, kama mtu anayejigeuza usingizini. Naftaly alikuwa mbele ya boti. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Naftaly.

Halafu injini ikawaka.

Kivuti alimbeba Igoki akamlaza mbele, kwenye sehemu kavu, juu ya blanketi, akamfunika kwa turubai. Akakaa nyuma kwenye injini. Naftaly akashika usukani kwa mkono mmoja. Waliondoka gatini saa nne na robo. Naftaly alikuwa na saa nzuri ya mkononi na alikuwa akiitazama kila mara. Kivuti alipogeuka nyuma alimwona mzee Njuki ukingoni. Mzee alikuwa amepiga magoti kwenye matope.

Robo ya kwanza ya safari ilikwenda vyema. Boti ilikwepa magogo. Bati la hospitali likazidi kukaribia. Kisha Kivuti akaona kwamba maji yamepanda karibu na ukingo wa boti. Alitafuta tundu. Hakuna tundu. Sakafu ilikuwa na maji kidogo tu. Lakini boti ilikuwa imezama kama iliyobeba watu wengi. Walikuwa watatu, mmoja wao mtoto.

"Umepakia nini?" Naftaly akauliza bila kugeuka.

"Hakuna kitu."

"Imekuwa nzito."

"Najua."

Katikati kabisa, injini ikazimika.

Mngurumo wa ukuta ukasikika ghafla, karibu kuliko walivyodhani. Boti ikaanza kuzunguka, ikageuza mdomo wake kulia. Naftaly akatazama saa. "Saa nne na dakika thelathini na tano," akasema. Sauti yake ilikuwa tambarare. "Tuna robo saa. Baada ya hapo ni ukuta."

Akazungusha ufunguo. Kimya. Kivuti akainama juu ya injini. Petroli ipo. Plagi zimekaza. Akafuata waya wa starta kwa vidole, kutoka betri hadi nyuma. Vidole vikafika mwisho wa waya. Mwisho ulikuwa ukining'inia nje ya boti, ndani ya maji. Haukuwa umefungwa kwenye starta. Na mahali ulipopaswa kufungwa, nati ilikuwa na kutu nene, kutu ya miaka.

Hakuwa ameuunga. Au aliuunga, na kitu kimeufungua.

Alijaribu kuuvuta waya ndani. Haukuja. Kulikuwa na uzito upande wa pili. Ulivutwa mara moja, kidogo tu, kama mtu anavyovuta leso ya mwenzake kanisani ili amwambie jambo.

Ndipo aliposikia sauti ya Igoki. Haikuwa sauti ya mtoto mgonjwa. Ilikuwa ya mtoto anayeamshwa vizuri asubuhi.

"Baba."

"Igoki! Nipo hapa. Lala."

"Baba, mama amenibeba."

Kivuti akatazama mbele. Turubai lilikuwa limeinuka. Chini yake hapakuwa na umbo la mtoto aliyelala. Palikuwa na umbo la mtu mzima aliyeketi, ameinamisha kichwa, akiyumba polepole mbele na nyuma. Marigu alikuwa Siakago. Kulikuwa na mto na milima kati yao.

Naftaly alikuwa hatua mbili kutoka pale. Alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka. Hakugeuza kichwa.

Kivuti aliniambia angeweza kuruka. Hatua nne tu, alifunue turubai, amnyang'anye mtoto wake. Miguu haikutaka. Na alikuwa akisikia ukuta. Alijua, kama vile fundi anavyojua, kwamba kulikuwa na njia moja tu ya injini ile kuwaka. Akafungua kiganja, akauachilia waya. Ukateleza ukatumbukia.

"Mpeleke," akasema. Neno hilo lilimtoka lenyewe. Hakulisahau kamwe.

Starta ikalia. Ililia kwa nguvu, bila waya, bila betri, hadi sakafu ya boti ikatetemeka. Injini ikashika. Boti ikainuka majini, nyepesi, kana kwamba mizigo yote imeshushwa kwa mara moja, ikapiga mbio kuelekea ng'ambo. Kivuti hakuthubutu kutazama mbele. Alitazama povu nyuma. Alihesabu pumzi zake.

Walifika karibu saa tano. Injini ilikufa yenyewe mdomo wa boti ulipogusa majani ya ukingoni. Kivuti akakimbia mbele, akafunua turubai.

Blanketi lilikuwa limekunjwa, pembe kwa pembe, na juu yake hapakuwa na mtu.

Alipiga yowe ambalo Naftaly hadi leo husema hajasikia mfano wake. Akaruka majini. Alizama, akapapasa matope, akaibuka, akazama tena. Alivuta mizizi. Alimeza maji. Naftaly alitembea ukingoni akiita jina la mtoto, mkono umening'inia. Kivuti alikuwa akizama kwa mara ambayo hakuijua hesabu yake, na alikuwa ameamua kwamba mara hiyo hatapanda, wakati mtu alipomshika kola ya shati.

Alikuwa bawabu wa hospitali, mzee mwenye mwavuli uliovunjika. Jina lake Kathuri.

"Ni nyinyi mmetoka Mbeere, ule upande mwingine wa bwawa?" akauliza akihema. Alikuwa ameteremka kilima kwa miguu. "Yule mama amenituma. Amesema niwaambie msimtafute mtoto majini."

Igoki alikuwa kwenye kitanda cha tatu karibu na dirisha, sindano ya maji mkononi, amelala. Alikuwa akipumua. Kivuti alianguka kando ya kitanda akashika mguu wake, akaukuta umepoa, umepoa vizuri, homa imekatika. Alilia hadi nesi akamletea kiti.

"Mumshukuru mama yake," nesi akasema. "Angechelewa kidogo tungempoteza. Alifika amelowa chapachapa, hana viatu. Niligeuka kuchukua dawa, nikageuka tena, ameondoka. Nilidhani amekwenda kukamua nguo."

"Alikuja saa ngapi?"

Nesi alifungua kitabu cha wagonjwa. Saa nne na dakika arobaini, akasema. Aliandika mwenyewe.

Saa nne na dakika arobaini, Kivuti alikuwa katikati ya bwawa, na mtoto wake alikuwa akizungumza naye.

Aliomba aone kitabu. Nesi akakigeuza. Mstari ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko safi: msichana, miaka mitano, malaria kali, ameletwa na mama mzazi. Mahali pa jina hapakuandikwa Igoki. Paliandikwa Syombua, jina la Kikamba.

"Mama yake ndiye aliyenitajia," nesi akasema. "Nimekosea herufi?"

Kivuti alimtajia jina la mtoto. Akamwacha aliandike pembeni.

Naftaly hakurudi majini. Alikwenda kwa dada yake, kule Kaaga, kutibu mkono, akabaki huko akiuza mboga. Kuhusu mzee Njuki, watu wa gatini walisema alionekana jioni ile akitembea kuelekea majini, na kwamba alinyoosha mikono mbele kama anayeongozwa. Hilo sikulithibitisha. Ninachojua ni kwamba nyumba yake ilibomoka mvua zilipokwisha, na hakuna aliyekuja kuijenga.

Mto ulishuka baada ya siku tisa. Kivuti alimleta mtoto nyumbani Siakago akiwa mzima, mnene kidogo hata, na Marigu alimpokea barabarani kwa vigelegele. Alimwita. Igoki, Igoki wangu. Mtoto alimpita akaingia ndani.

Walisema ni masikio, dawa ya malaria huziba masikio. Wakampeleka kwa daktari Embu. Daktari alinong'ona nyuma yake, akadondosha sarafu, akapiga uma wa kupimia masikio. Mtoto alisikia vyote. Hakusikia tu jina lake. Walimwita Igoki shuleni, kanisani, mezani. Hakugeuka, wala hakukataa. Alikuwa mtoto mpole. Alicheka inapofaa, alisaidia kazi. Lakini nilimwona mara nyingi Marigu akimwosha pale uani, akimtazama usoni kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

Kivuti hakumwambia mkewe lile jina. Alilifungia kinywani miezi mitano. Siku aliyolitoa ilikuwa Jumapili mchana, jua kali, nasi majirani tulikuwa tumekaa mlangoni tukichambua maharagwe. Mtoto alikuwa akicheza mchangani, ametupa mgongo. Marigu alikuwa amemwita mara tatu. Kivuti alitazama chini, akatamka polepole, karibu kwa kunong'ona:

"Syombua."

Mtoto aligeuka papo hapo. Uso wake wote ulifunguka, na tabasamu lile hatukuwa tumeliona tangu mvua.

"Mwaitu!" aliitikia, kwa Kikamba, lugha ambayo hakuna mtu nyumbani mwao aliyemfundisha. Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama.

Akainuka, akakimbia kwa mikono iliyonyooka. Marigu alipiga magoti ili ampokee. Mtoto alimpita, akaupita mlango, akatupita sisi sote, akasimama kwenye kona tupu ya ukuta ambapo jua lilikuwa limepiga tangu asubuhi. Alikumbatia hewa kwa mikono yote miwili, akaegemeza shavu lake pale.

Alipogeuka kututazama, shavu hilo lilikuwa limelowa.